Trei za maikrogrini Dodoma: chagua kwanza ya chini

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Ilazo hapa Dodoma, nyumba ya kupanga, mimi, mume wangu na mtoto mmoja. Nataka kuotesha maikrogrini, ile miche michanga ya mboga inayoliwa, ndani ya nyumba, nianze na figili, alizeti na mchicha. Duka la pembejeo nilikoenda walinionyesha zile trei za miche zenye vijumba vingi, za nyanya na hoho. Mtandaoni kuna mtu wa Dar anauza trei nyeusi anazoziita 1020, lakini moja tu inakaribia bei ya mabeseni mawili, bado nauli ya basi. Jirani yangu anasema nisijisumbue, nitumie sinia. Dirisha langu linatazama mashariki, sehemu ya kukalia trei ni ukingo wa dirisha, na maji yetu ni ya mgao, tena ya chumvi. Ninunue zipi na ngapi? Na mtama nao unaoteshwa hivyo hivyo? Mambo yakienda vizuri ningependa kuuza hotelini.

JIBU

Marahaba binti yangu. Za vijumba achana nazo. Za 1020 subiri kwanza. Jirani yako amepatia nusu, na hiyo nusu ndiyo itakayokuokolea hela.

Karibu kila anayeniuliza habari ya trei anauliza ile ya juu, yenye udongo na mbegu, kwa sababu ndiyo inayoonekana pichani. Ya chini, ile isiyo na matundu inayobeba maji, anaokota chochote. Pwani unaweza kufanya hivyo na ukavuna, hewa yenyewe ina unyevu. Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni ukavu na upepo. Udongo wa maikrogrini una kina cha sentimita mbili na nusu tu. Uache dirishani asubuhi ya Oktoba, uende kazini, ukirudi mchana utaukuta umeachana na kuta za trei na figili zimelala. Kwa hiyo hapa kwetu trei huchaguliwa kwa namna itakavyonywesha, na inayonywesha ni ya chini.

Mtu atasema si amwagilie tu juu na chupa ya kupulizia. Siku mbili tatu za mwanzo, mbegu zikiwa bado hazijashika, ndiyo, pulizia. Zikishasimama ukizimwagia juu zinaanguka, maana shina la figili la siku tano ni laini na zimebanana mamia kwa mamia. Matone yanarusha udongo kwenye majani ambayo utayala mabichi. Katikati, pale penye msongamano, unyevu unakaa kwenye mashina na ukungu unaanza. Ukimimina maji chini, udongo unayafyonza kupitia matundu, mizizi inayafuata, na majani yanabaki makavu na masafi. Unasubiri kama robo saa, unanyanyua trei ya juu kwa mikono miwili, na ukiizoea utajua kwa uzito wake kama imeshiba. Maji yaliyobaki yamwage kwenye ua lolote nje. Usiyaache yalale humo, mizizi inakosa hewa na inaanza kunuka.

Sasa basi, trei ya chini nzuri ikoje? Kwanza iwe bapa. Iweke kwenye kaunta ya duka na ubonyeze kona moja moja, ikicheza, irudishe. Trei iliyopinda inapeleka maji yote upande mmoja, huku mizizi inaoza na kule mimea inakauka, halafu watu wanalaumu mbegu. Pili iwe ngumu. Chukua trei ya sentimita 25 kwa 50: maji ya kina cha sentimita moja tu humo ni lita moja na robo, yaani kilo moja na robo. Ongeza udongo uliolowa wa trei ya juu, hapo unabeba kilo nne au zaidi kwa plastiki ambayo pengine unene wake haufiki milimita moja. Ukiishika ncha mbili ikazama katikati ungali dukani, tena ikiwa tupu, hiyo ni ya kukaa mahali pamoja bila kuguswa, na ya nyumba ya kupanga yenye mtoto haikai mahali pamoja. Tatu isivuje, na hili usiulize, jaribu. Inyanyue kuelekea jua uangalie kwenye kona, ndiko plastiki inakovutwa ikawa nyembamba na kutoboka.

Ndipo tunarudi kwa jirani yako. Sinia kama trei ya juu halifai: halina matundu, na nyingi kingo zake zimelala, udongo wa pembeni unabaki kama karatasi na kukauka kabla ya wa katikati. Ila sinia la plastiki ngumu, au la stili, lenye sakafu bapa na ukingo wa kusimama wa sentimita mbili tatu, ni trei ya chini safi kabisa. La alminiamu ningeliruka kwa sababu ya maji yenu. Chumvi na alminiamu havipatani, litatoka madoa meusi na baadaye vitundu. Yale ya bati lenye rangi ya kung'aa nayo ni mazuri mpaka siku yatakapobanduka rangi, yanaanza kutu hapo hapo.

Juu ya sinia hilo weka makontena ya chakula ya plastiki ya mstatili, yale yanayouzwa yakiwa na vifuniko, au makopo ya aiskrimu ya mraba kama unayo. Tafuta ya ukubwa wa kama sentimita 15 kwa 20 na kina cha nne au tano. Matatu yanakaa vizuri kwenye sinia la sentimita 30 kwa 50. Geuza kontena uangalie chini yake, kuna pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, ndiyo ninayoipenda: inavumilia maji ya moto, inavumilia kukunjwakunjwa. Namba 2 nayo ni nzuri. Namba 6 ni ile ngumu inayong'aa na kulia kama kioo ukiigonga, itakupasukia kwenye kona siku ya kuosha. Namba 3 iache, hasa kwa sababu utataka kuitoboa kwa moto na moshi wake ni sumu.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Pasha msumari wa inchi tatu ukiushika kwa koleo, fanyia nje kwenye hewa, si jikoni, na toboa kutokea ndani kwenda nje. Hiyo ni muhimu, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka huacha kijimdomo upande ambako ncha ya msumari inatokeza. Kikiwa ndani kinazuia maji ya mwisho kutoka, kikiwa nje kinafanya kazi nyingine nzuri nitakayoisema. Kila tundu liwe na upana wa milimita tatu hadi nne, umbali wa sentimita tatu kutoka tundu hadi tundu, sakafu nzima, usisahau kona. Makubwa zaidi ya hapo yanamwaga kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi unaotumika kama udongo. Ukiogopa, weka karatasi moja ya tishu ya jikoni chini kabla ya udongo, mizizi itapita.

Kile kijimdomo cha nje kinanyanyua kontena kidogo kutoka kwenye sinia. Bila nafasi hiyo, sakafu bapa ikikaa juu ya sakafu bapa hushikana, maji yanashindwa kupita chini yake, na utaona udongo umelowa pembeni tu. Kama vijimdomo vyako ni vidogo, laza vijiti viwili vya mishikaki chini ya kila kontena. Vitashika ukungu baada ya mizunguko kadhaa, utavitupa na kuweka vingine. Mishikaki Dodoma haitaisha leo wala kesho.

Nimesema kunywesha, sasa angalia kwa kipimo. Sinia la sentimita 30 kwa 50 likiwekwa maji ya nusu sentimita linameza kama robo tatu ya lita, chupa ndogo moja na nusu ya maji ya dukani. Hicho kinatosha makontena matatu kwa mara moja, asubuhi. Miezi ya Septemba hadi Novemba utarudia jioni. Mvua zikianza, mara moja kwa siku na pengine usipate hata haja. Kwa mtu wa maji ya mgao hesabu hii si mbaya, dumu moja la lita 20 litakupeleka zaidi ya wiki hata kipindi cha joto.

Kuna kasoro moja ya sinia la pamoja na ni haki uijue. Makontena yote yanakunywa kikombe kimoja. Moja likianza kuoza, maji yanapeleka ugonjwa kwa mengine. Ukiona mashina yamesinyaa pale yanapotokea ardhini na mimea inalala kwa mafungu, toa kontena hilo siku hiyo hiyo, mwaga maji, osha sinia. Usichanganye na vile vinyweleo vyeupe vya mizizi ya figili, ambavyo siku ya tatu humtisha kila mgeni. Pulizia maji: vinyweleo vya mizizi vinapotea machoni, ukungu unabaki.

Niseme kwa nini nimekataa za vijumba, maana muuzaji wa pembejeo hakukudanganya, alikupa kinachouzwa kwake. Trei ya vijumba imetengenezwa kwa mche mmoja kila kijumba, nao unang'olewa na udongo wake kwenda shambani. Maikrogrini hazing'olewi, zinakatwa kwa mkasi zikiwa zulia. Mbegu ukizimwaga kwenye vijumba nyingi zinaangukia kwenye kingo za katikati na kukaukia hapo. Kila kijumba kina udongo kidogo uliotengwa na mwenzake, kwa hiyo vinakauka kwa zamu zisizo sawa. Na kina chake kitakula kokopiti mara mbili ya unayohitaji. Kama ulishainunua, iweke ya nyanya au sukuma wiki, itakufaa sana Januari.

Mbao sizipendi kwa kazi hii ndani ya nyumba. Mafundi seremala watakupa vipande vya bure, lakini vingi ni mabaki ya mbao za kupaulia zilizotiwa dawa, na dawa hiyo haitakiwi karibu na chakula. Ubao usio na dawa nao unafyonza maji, unashika ukungu, hauoshiki ukatakata. Bati la paa lililokunjwa na fundi lina zinki na linachemka juani. Trei za mayai za karatasi zinayeyuka. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililolazwa na kupasuliwa ubavuni ni jambo la maana zaidi: plastiki namba 2, ngumu, bei ndogo. Shida yake ni mafuta. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yasiteleze tena kwenye kuta, vinginevyo udongo utakataa kulowa na baada ya wiki patanuka mafuta mabovu. Dumu la njano pia linapitisha mwanga, na penye mwanga na maji panaota utando wa kijani, kwa hiyo lifae kuwa la chini tu, nalo ulisugue kila ukivuna. Madumu ya dawa za shamba, rangi au oili usiyaguse hata kama yameoshwa mara mia.

Rangi, kwa kuwa tumefika huko. Nyeusi inazuia mwanga na mizizi inapenda giza, ndiyo maana trei za biashara karibu zote ni nyeusi. Lakini nyeusi hiyo hiyo kwenye jua la moja kwa moja inakuwa kikaango. Dirisha la mashariki limekupendelea, jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi ni zuri. Kuanzia saa nne, miezi ya joto, vuta pazia jepesi au sogeza sinia ndani hatua moja. Makontena meupe au ya kuonyesha yafunge ubavuni kwa karatasi ya kaki au kipande cha boksi, inatosha. Na ufute wavu wa mbu wa dirisha hilo. Vumbi letu likishakaa humo miezi mitatu linakula mwanga kuliko unavyofikiri, halafu mimea inarefuka shingo ikiutafuta.

Umesema utaweka kwenye ukingo wa dirisha. Pima kabla hujatoa hela. Nyumba nyingi za tofali za inchi sita, ukitoa fremu ya alminiamu, ukingo unaobaki haufiki sentimita 15. Hakuna trei ya 1020 itakayokaa hapo, na sinia langu pia halitakaa. Unahitaji kimeza kifupi mbele ya dirisha. Kata gazeti kwa kipimo cha trei unayoitaka, lilaze mahali penyewe siku mbili, uone kama mlango unafunguka, pazia linapita, na mtoto hafiki.

Sasa hizo 1020. Jina linatokana na vipimo vya vitalu vya Marekani, inchi 10 kwa 20, ambayo kwetu ni kama sentimita 25 kwa 50. Lakini hapo ni ndani. Ukipima na midomo ya nje utapata karibu sentimita 28 kwa 54, na wengi hutengenezewa rafu ya sentimita 50 kamili kisha trei zinaning'inia nje. Ziko za kina cha sentimita sita na fupi za tatu. Wauzaji watakuambia changanya: fupi yenye matundu juu, ndefu isiyo na matundu chini. Usikubali bila kujaribu mbele yake. Mdomo wa ile fupi unakaa juu ya mdomo wa ile ndefu na sakafu yake inabaki inaelea sentimita tatu juu, kwa hiyo ili maji yaguse matundu itabidi umwage zaidi ya lita tatu na nusu kila mara. Kwa mgao wa maji huo ni uchokozi. Nunua jozi ya kina kimoja, zikae moja ndani ya nyingine hadi chini, na iwe na vimifereji sakafuni ili maji yatembee. Za fupi ndizo ninazozichagua kwa maikrogrini, mkasi unaingia bila kugonga ukingo na hewa inapita kwenye mashina.

Ziko pia nusu zake, sentimita 25 kwa 25, na kwa familia ya watu watatu hizo ndizo za kununua utakapofika huko. Trei nzima ya figili inaweza kutoa gramu 200 hadi 300 kwa mkupuo. Mtaila siku ya kwanza kwenye kachumbari, ya pili kwenye chipsi mayai, ya tatu mume ataanza kuuliza maswali. Kontena la 15 kwa 20 litakupa gramu 50 au 60, mlo mmoja wa nyumba na mabaki ya kesho.

Ngapi? Figili huiva siku ya saba hadi ya kumi. Alizeti nane hadi kumi na mbili. Mchicha ni mvivu, wiki mbili si ajabu, hasa Juni na Julai usiku unapopoa. Ukipanda kontena moja kila baada ya siku tatu nne utakuwa na matatu yanayokwenda kwa pamoja, moja gizani na mawili dirishani, na la nne linaoshwa. Makontena manne basi, na sinia moja. Jumla hiyo nina hakika haifiki bei ya jozi mbili za 1020 na nauli yake.

Lile la nne lina kazi nyingine. Alizeti na figili zinapenda kugandamizwa gizani siku mbili tatu za mwanzo: mizizi inazama badala ya kunyanyua mbegu juu, na ganda la alizeti linavuka kirahisi zaidi. Weka kontena tupu juu ya mbegu, ndani yake weka kipande cha tofali la kuchoma cha kilo moja hivi. Hapo ndipo utaona umuhimu wa sakafu bapa. Kontena lenye nembo nene iliyochomoza chini litaacha nembo hiyo kwenye shamba lako, pengine pamebanwa na pengine hapakuguswa. Mchicha usiuwekee uzito huo, mbegu yake ni punje ya mchanga. Funika na kifuniko chake tu.

Chumvi ya maji haitakuharibia zao la siku tisa, ila itakuharibia udongo ukiurudia. Maji yanapanda kutoka chini, yanakauka juu, chumvi inabaki juu kama unga mweupe. Udongo uliovuna usipande tena humo, upeleke kwenye bustani au ndoo ya mboji. Kwenye makontena na sinia utaona gamba jeupe kama la kwenye birika. Siki au limau inalitoa. Kila baada ya mavuno osha kwa sabuni na brashi ya meno kwenye matundu, kisha loweka dakika kumi kwenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa tisa za maji, suuza, anika kivulini. Klorini na siki visikutane kabisa, si kwenye beseni moja wala siku moja bila kusuuza vizuri; vikichanganyika vinatoa gesi inayoumiza mapafu. Na kivulini nimesema makusudi. Plastiki inayoanikwa juu ya paa la Dodoma inakatika kama biskuti kabla ya mwaka kuisha.

Hukuuliza mbegu, lakini ulishafika duka la pembejeo kwa hiyo nitauliza mimi: mbegu utakazonunua huko zina rangi? Mbegu za pembejeo zilizopakwa waridi, bluu au kijani zimetiwa dawa ya kuua kuvu au wadudu kwa ajili ya shamba. Mche wa siku nane unaoliwa mzima hauna muda wa kuiondoa. Hata nzuri namna gani trei yako, hizo zisiingie. Alizeti tumejaliwa mkoani na kwa majirani zetu wa Singida. Nunua nafaka nzima ya kukamulia, haina dawa ya mbegu, chagua iliyokomaa isiyopasuka, loweka kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Zile zenye mistari zinaota, nyeusi ndogo za mafuta zinavuka ganda vizuri zaidi. Kwa kontena lako zitoshe gramu 25 hadi 30 kavu, na figili gramu saba.

Mtama hapana. Mche mchanga wa mtama una kemikali inayogeuka sianidi ukitafunwa, ndiyo maana wafugaji wa huku hawaachi ng'ombe wakaingia kwenye mtama uliochipua. Nafaka yake ni ugali mzuri, mche wake si mboga. Maharage nayo yaache, machipukizi yake mabichi yanasumbua tumbo vibaya. Ukitaka cha jamii ya kunde, chukua choroko au njegere.

Kuhusu hoteli: kabla ya kuagiza hata trei moja ya 1020, nenda kwa mpishi na kontena lako la figili likiwa hai, halijakatwa, akate mwenyewe mezani kwake. Muulize anataka gramu ngapi na siku zipi za wiki. Akikupa oda ya kudumu, hapo ndipo trei za kipimo kimoja zinalipa, kwa sababu mbegu, maji na mavuno ya kila trei vinakuwa hesabu ile ile. Rafu ya urefu wa sentimita 120 na upana wa 55 itabeba nne kwa kila ngazi. Agiza jozi nne za kina kimoja, za plastiki ngumu, na umwambie muuzaji azifunge zikiwa zimesimama wima kati ya maboksi, maana kwenye buti la basi kutoka Dar zikilazwa chini ya mzigo wa mtu zinafika zimepinda.